Muhali Haufuti Haki: Mwananchi wa Zanzibar na Katiba Yake



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake. Baada ya hayo:

Katika visiwa vyetu liko neno ambalo kila aliyelelewa hapa analijua bila ya kufundishwa, nalo ni muhali. Ni ule uzito wa moyo unaomzuia mtu kusema jambo kwa kumuonea haya jamaa, jirani, mkubwa au mwenye cheo. Muhali una kheri zake, kwani unawafanya watu wa mtaa mmoja waishi miaka mingi bila ya kuvunjiana heshima. Lakini muhali huohuo humfanya dada asiulizie urithi wake, mzee asiulize kwa nini kijana wake yuko kituoni kwa siku ya tatu, na mama afunike madhila aliyofanyiwa mwanawe ili mambo yasitoke nje ya nyumba.

Makala hii inaeleza haki za msingi za mwananchi kama zilivyo katika Katiba, na namna ya kuzidai kwa adabu. Katika mengi yanayozisibu familia zetu, sheria ipo. Kinachokosekana ni mtu kuijua, kisha kuthubutu kuiuliza.

Haki za msingi zimeandikwa wapi?

Mzanzibari anaishi chini ya Katiba mbili. Ya kwanza ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, na ya pili ni Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Katiba ya Muungano ilipotungwa haikuwa na sura kamili ya haki za binadamu. Sura hiyo iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na wananchi wakaweza kuitumia mahakamani kuanzia mwaka 1988. Kwa upande wa Zanzibar, nchi ilikaa tangu Mapinduzi ya 1964 hadi 1979 bila ya Katiba ya kudumu, na ni Katiba ya 1984 iliyoweka Sura ya Tatu inayozungumzia haki za lazima, wajibu na uhuru wa mtu binafsi. Kwa hiyo haki hizi, kama maandishi ya kisheria, ni changa. Wazee wengi walio hai leo wamekulia katika zama ambazo hazikuwemo katika Katiba, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya khofu tunayoirithisha watoto wetu.

Katika Katiba ya Zanzibar haki hizo zinaanzia Ibara ya 11, inayotamka usawa wa binadamu wote. Ibara ya 12 inahusu usawa mbele ya sheria na haki ya kusikilizwa. Ibara ya 13 inalinda uhai, na ya 14 inalinda uhuru wa mtu asikamatwe wala kufungwa ila kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 15 inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Zinafuatia uhuru wa kwenda atakako (16), haki ya kumiliki mali (17), uhuru wa maoni (18), uhuru wa dini na kuabudu (19), uhuru wa kukutana na kujiunga na wengine (20), na haki ya kushiriki katika mambo ya umma (21). Ibara ya 7 inampa Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura.

Msomaji azingatie jambo moja. Ibara ya 9 inaeleza kwamba mamlaka ya kuiendesha nchi ni ya wananchi, na Serikali inapata uwezo wake kutoka kwao. Maana yake ni kwamba ofisa anayekuhudumia hakupi haki kutoka mfukoni mwake. Anatekeleza amana aliyokabidhiwa. Ukiijua Ibara hii, hata namna ya kuingia ofisini hubadilika. Unaingia kwa heshima, lakini huingii kama mwenye kuomba sadaka.

Mwenye haki ana nafasi ya kusema

Wako wanaodhani kudai haki ni ukosefu wa adabu, au ni kuwaiga watu wa mbali. Tuangalie kisa kilichopokewa na Jabir bin Abdillah (R.A.) katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi. Sahaba Sa'd bin Rabi' (R.A.) aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, akaacha mke na mabinti wawili. Ami wa mabinti akaichukua mali yote. Yule mama hakunyamaza kwa kumuonea muhali shemeji yake. Aliwachukua wanawe hadi kwa Mtume (S.A.W.), akaeleza kwamba baba yao amefariki, ami yao ameichukua mali, na mabinti hawa hawataolewa wakiwa hawana kitu. Ndipo ikateremka aya ya mirathi. Mtume (S.A.W.) akamwita ami, akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobakia ndicho chake.

Katika kisa hiki hakuna ugomvi wala tusi. Mjane anakwenda kwa mwenye mamlaka na kuieleza dhulma kama ilivyo. Hakuambiwa kwamba ameivunjia heshima familia. Alisikilizwa, na hukumu iliyotoka kwa sababu ya suala lake inawanufaisha mayatima hadi leo.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alimdai Mtume (S.A.W.) deni lake kwa maneno makali, Masahaba wakataka kumchukulia hatua. Mtume (S.A.W.) akawazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Ikiwa huyo aliyedai kwa ukali aliachiwa aseme, basi vipi yule anayedai kwa upole?

Na kuhusu muhali wenyewe, Qur-aan katika Suratun Nisaa, aya ya 135, inawaamrisha Waumini wasimamie uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi au jamaa wa karibu. Hao wote waliotajwa ndio tunaowaonea muhali.

Kusamehe ni jambo kubwa, na lina malipo kwa Mwenyezi Mungu. Lakini anayesamehe ni yule anayeijua haki yake, ana uwezo wa kuidai, kisha akaiacha kwa ridhaa. Aliyenyamaza kwa khofu au kwa kutojua hakusamehe, amenyimwa.

Anapokamatwa mtu wa nyumbani

Hili huzitia familia nyingi mchecheto, hasa likitokea usiku. Haya ndiyo ya kuyajua.

Mtu anayekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake. Uliza jina la kituo anachopelekwa na kosa analotuhumiwa. Suala hilo si upinzani kwa askari, ni katika haki za mkamatwa na watu wake.

Mtuhumiwa hahesabiwi kuwa na hatia mpaka mahakama ithibitishe. Haruhusiwi kupigwa, kuteswa wala kudhalilishwa kwa sababu yoyote, hata kama kosa lenyewe linachukiza. Katiba imelikataza hilo. Nasi wenyewe tunaopiga wezi mitaani tujiulize, maana aliyeuawa na umati wa watu naye alikuwa na haki hiyohiyo ya kusikilizwa.

Kawaida ya sheria ni kwamba aliyekamatwa bila ya waranti afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au kwa haraka inayowezekana, au apewe dhamana ya polisi kwa makosa yanayodhaminika. Kwa hiyo andika siku na saa aliyokamatwa. Siku ikipita, una sababu ya kumwendea mkuu wa kituo na kuuliza kwa nini ndugu yako hajafikishwa mahakamani.

Dhamana haiuzwi. Mdhamini anatakiwa awe mtu anayejulikana na anayeaminika, na mara nyingi atatakiwa aoneshe kitambulisho na barua ya sheha. Anaweza kuahidi kwamba atalipa kiasi fulani ikiwa mtuhumiwa atatoroka, lakini fedha inayotolewa mkononi ili mtu atoke si dhamana, ni rushwa. Mtoaji na mpokeaji wote wameingia katika dhambi na katika kosa la jinai.

Mtuhumiwa asitie saini wala dole gumba katika maelezo ambayo hakuyasoma au hakusomewa akayafahamu. Ana haki ya kuwasiliana na jamaa yake na kutafuta wakili, na halazimishwi kujishuhudia dhidi ya nafsi yake.

Mambo haya si mageni kwetu. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali bin Abi Talib (R.A.) kuwa kadhi wa Yemen, alimuusia asihukumu baina ya wawili mpaka amsikilize na wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Na kuhusu nyumba, Suratun Nuur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za wengine bila ya kuomba ruhusa, na Suratul Hujuraat, aya ya 12, inakataza kuchunguzana. Ibara ya 15 ya Katiba yetu inakwenda njia hiyohiyo. Nyumba ya mtu haipekuliwi ovyo. Upekuzi una utaratibu wake wa kisheria, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza hati ya upekuzi na kupewa orodha ya vilivyochukuliwa.

Mirathi, ndoa na Mahakama ya Kadhi

Zanzibar ina Mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na sheria, na sheria inayoziongoza ilitungwa upya mwaka 2017. Kadhi anasikiliza mambo ya ndoa, talaka, matunzo ya mke na watoto, malezi, mirathi na wakfu baina ya Waislamu. Hahusiki na makosa ya jinai. Mke aliyepigwa akaumizwa anayo mashauri mawili. La ndoa yake linakwenda kwa Kadhi, na la kupigwa linakwenda polisi. Wengi hawajui hili, wakangoja kwa Kadhi jambo ambalo si la mahakama yake.

Hukumu ya Kadhi wa Wilaya inakatiwa rufaa, na rufaa inaweza kufika hadi Mahakama Kuu ya Zanzibar. Kesi za Kiislamu zilizoanzia kwa Kadhi haziendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Katiba ya Zanzibar imeliweka hilo wazi katika Ibara ya 99. Rufaa ina muda maalumu, na ukipita huenda ukalazimika kuomba ruhusa kabla ya kusikilizwa. Kwa hiyo siku ya hukumu, kabla hujatoka mahakamani, uliza masuala mawili: nikate rufaa wapi, na ndani ya siku ngapi? Kisha omba nakala ya hukumu.

Katika mirathi, tatizo letu kubwa halimo katika sheria. Suratun Nisaa, aya ya 7, imetaja fungu la wanaume na fungu la wanawake katika walichokiacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Tatizo ni mashamba yanayokaa miaka 20 bila ya kugaiwa, kaka mkubwa akivuna karafuu na kukodisha nazi, na madada wakipelekewa zawadi msimu ukifika. Siku kaka akifariki, watoto wake wanadai shamba ni la baba yao. Hapo ushahidi umeshapotea, mashahidi wamekufa, na ndugu wa damu wanakutana mahakamani. Dada angeuliza mwanzo ungekuwa muhali wa siku moja, lakini kunyamaza kumezaa uadui wa vizazi viwili.

Tujifunze pia kwa wenzetu wa Bara, ambako mirathi ya wengi inafuata mila. Katika mkoa wa Kagera, bi Holaria Pastory alirithi shamba kwa wasia wa baba yake, akaliuza alipokuwa mtu mzima. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai mauzo ni batili, kwa kuwa mila ya Wahaya ilikuwa haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Lakini mwaka 1990 kesi ilifika Mahakama Kuu, Mwanza, na Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki ya usawa iliyomo katika Ibara ya 13 ya Katiba ya Muungano, na kwamba wanawake wana haki ya kuuza kama wanaume. Sheria za mirathi za Kiislamu ni mlango mwengine, lakini funzo ni letu sote. Haki iliyokuwa imeingizwa katika Katiba miaka michache tu nyuma ilimfaa bibi mmoja wa kijijini kwa sababu alikubali kusimama mahakamani kuitetea.

Haki ya mtoto haisamehewi na mwengine

Katika visiwa vyetu tunaita udhalilishaji yale maovu wanayofanyiwa watoto na wanawake. Hapa muhali umefanya madhara makubwa kuliko popote. Mtoto anaharibiwa, mkosaji ni jamaa au jirani, wazee wanakaa baraza, fedha inatolewa au ndoa inapendekezwa, na jambo linaitwa limekwisha. Limekwisha kwa nani? Mtoto hakuulizwa, wala hana uwezo wa kusamehe.

Kisheria, hilo ni kosa la jinai dhidi ya mtoto, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda. Wazazi hawana mamlaka ya kuifuta kesi kwa suluhu ya nyumbani. Na kifiqhi, walii wa mtoto amepewa uwalii ili amfanyie lililo na maslaha naye. Hakupewa ruhusa ya kuitoa haki yake ili watu wazima wabaki na sura nzuri mtaani.

Likitokea, asioshwe mtoto wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari, kwa sababu ushahidi unapotea. Apelekwe haraka hospitali au kituo cha polisi. Viko vituo vya Mkono kwa Mkono, kikiwemo cha hospitali ya Mnazi Mmoja, ambapo daktari, polisi na mshauri nasaha wanapatikana pamoja ili mtoto asisimulie maumivu yake mlango kwa mlango. Baadae mashahidi wahudhurie mahakamani kila wanapoitwa. Shahidi akishikwa na muhali asifike, ushahidi unapungua, na kesi inaweza kuondolewa.

Ardhi, miti na fidia

Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma na iko chini ya dhamana ya Rais, na mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Tangu zamani katika visiwa hivi miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi ilipoota, ndiyo maana utasikia mtu ana mikarafuu yake katika shamba la mwengine. Wako wanaosikia kwamba ardhi ni ya umma wakadhani hawana haki yoyote pale mradi, barabara au mwekezaji anapokuja. Hiyo si sahihi. Ibara ya 17 inamlinda mtu asinyang'anywe mali yake bila ya kufuata sheria na bila ya fidia. Nyumba yako, miti yako na haki yako ya matumizi ni mali.

Kwa hiyo wathamini wanapokuja, kuwepo. Hesabu miti pamoja nao. Omba nakala ya fomu ya uthamini na usiitie saini ikiwa idadi imekosewa. Piga picha. Kama kuna mgogoro, iko Mahakama ya Ardhi. Na kabla ya kununua kiwanja kwa mtu, usitosheke na neno lake wala na karatasi ya mkono. Uliza katika ofisi za ardhi na kwa sheha, maana kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu watatu mara nyingi.

Kura na kauli

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 na uchaguzi wa 1995, visiwa vyetu vimeonja machungu ya migogoro ya uchaguzi, na hakuna familia isiyokuwa na la kusimulia. Lakini vimeonja pia utamu wa wananchi kuamua wenyewe. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa katika kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na karibu thuluthi mbili ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Mwaka huohuo Katiba ikafanyiwa mabadiliko kufuatana na uamuzi huo.

Kura inaanzia mbali na sanduku. Inaanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kisha daftari la wapiga kura. Kijana anayetimiza miaka 18 asingoje mwaka wa uchaguzi. Ashughulikie karatasi zake kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii mapema, na akikataliwa aulize sababu. Akiona jina lake halimo katika daftari au limekosewa, uko muda wa kuweka pingamizi na kusahihisha. Ukishapita, hata mwenye haki hasikilizwi kwa urahisi.

Kura yako ni siri. Mume hamlazimishi mke, mwajiri hamlazimishi mfanyakazi, na sheha hamuulizi mkaazi amempigia nani. Tofauti ya kura haivunji udugu, haibatilishi salamu, wala haizuii kuzikana.

Haki ina mipaka na ina wajibu

Makala kama hii ikizungumzia haki peke yake itakuwa imempotosha msomaji. Ibara ya 24 inaeleza kwamba haki hizi zinaweza kuwekewa mipaka na sheria kwa maslaha ya wengine na ya umma, na Ibara ya 23 inamtaka kila mtu aifuate Katiba na sheria. Uhuru wa maoni haukupi ruhusa ya kumsingizia mtu katika makundi ya simu. Uhuru wa dini haukupi ruhusa ya kumuudhi asiyekuwa wa dini yako, naye ana haki ya kuabudu kama wewe.

Na kila anayedai, naye anadaiwa. Mwajiri wa mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya mtu mikononi mwake: mshahara, mapumziko na heshima. Mwenye kuongoza msikiti au skuli ameshika amana za watu. Tukisema sana juu ya haki tunazonyimwa na Serikali, tukasahau tunazozizuia wenyewe nyumbani, hatujaufahamu uadilifu.

Pa kwenda na namna ya kwenda

Anza kwa sheha, kwa kuwa ndiye anayekujua na barua yake inahitajika katika mengi. Sheha akikataa kukupa barua, muulize sababu, kisha panda kwa Mkuu wa Wilaya. Kwa ushauri wa kisheria usiolipiwa, wako wasaidizi wa sheria katika shehia nyingi, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1992, Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar (ZAFELA), na Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria iliyo Serikalini. Malalamiko dhidi ya watendaji wa umma yanapokelewa pia na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na haki ya msingi inapovunjwa, mwananchi anaweza kuifikisha Mahakama Kuu.

Popote uendapo, shika mambo matatu. La kwanza, uliza sababu: kwa nini nimekataliwa, na kwa kifungu gani? La pili, omba maandishi: barua yako ipigwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala, maana neno la mdomo husahauliwa. La tatu, uliza muda: nirudi lini, na mwisho wa kukata rufaa ni lini? Mambo haya hayahitaji elimu kubwa wala sauti ya juu. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuyauliza akiwa na mjukuu wake wa skuli pembeni.

Na wazazi tuwasomeshe watoto. Katiba zote mbili zimeandikwa kwa Kiswahili. Chukueni Sura ya Tatu, someni Ibara moja kila wiki baada ya Isha, mtoto asome na wakubwa waeleze. Ndani ya miezi minne nyumba nzima itakuwa imezipitia haki zake na haki za wengine.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azilinde familia zetu na dhulma, ya kufanyiwa na ya kuifanya, awape viongozi wetu uadilifu, na atujaalie ujasiri wa kusema kweli kwa upole hata mbele ya tunaowaonea muhali. Aamiin.

WaAllaahu a'lam.